Mama wa Kivuko cha Reli

Tangu wafunge taa nyekundu na kizuizi kinachojishusha chenyewe, mama wa kivukoni, aliyekuwa akiifunga barabara kwa mkono treni zikija, hana kazi tena, ila hajahama kibanda chake kando ya reli. Kila treni ikikaribia hutoka, kitambaa amekikaza kichwani, akasimama wima na bendera yake ya njano iliyokunjwa, kama alivyosimama miaka thelathini. Viganja vyake bado vina sugu za mpini wa kizuizi cha zamani. Ilarion, mwenye mkokoteni wa farasi, amezoea kukizunguka kile kipya, kwani kinaziba nusu ya barabara tu. Leo, na shehena yake ya matunda ya plamu, alipojaribu tena, yule mama aliidaka hatamu.

“Shangazi, niachie! Si kuna taa siku hizi?”

“Taa ina mikono ya kukushika? Kati yenu wawili, mwenye akili ni farasi.”

Treni ikapita bila honi. Zamani madereva walikuwa wakimpigia. Kizuizi kikainuka. Mkono wa mama ulikuwa bado shingoni mwa farasi, ukimpapasa taratibu. Ilarion, na haraka zake zote, akashuka, akajitia anakaza mikanda ya farasi ambayo haikuwa imelegea.