Bado

Miaka ile ya foleni, hapa Bunda, ukiulizia sabuni dukani ulijibiwa mojawapo ya maneno mawili: hakuna, au bado. Hakuna lilikurudisha nyumbani na hasira zako. Bado lilikukalisha juu ya jiwe hadi jioni, ukarudi mikono mitupu vilevile. Hata hivyo, mimi nililipenda hilo la pili. Wali ukiwa bado, maana yake uko jikoni, unanukia. Jirani akiulizia mgonjwa akaambiwa bado yupo, anamshukuru Mungu.

Na ndilo jibu la mwanamke ambaye hajazaa. Kwetu huulizwi habari ya watoto ukajibu sina. Watu watashtuka, utadhani umejiapiza. Unasema bado, mnaendelea na mengine.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Mugeta kila alipopata lori, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Hata kabla hajakaa:

"Vipi mwanangu, bado?"

"Bado, mama."

"Haya. Mungu yupo. Hata mimi nilichelewaga."

Kisha tunakunywa maziwa na kuwasema watu mpaka mbavu zinauma. Nilikuwa nafua kwa majani ya mpapai badala ya sabuni, mgongo hauna nafuu, lakini siku aliyokuja nililala vizuri.

Baadaye biashara ikaruhusiwa. Sabuni zikajaa, za kila rangi, hadi wauzaji wakawa wanatuita sisi. Safari moja mama mkwe alinikuta jikoni, nimetoka hospitali Musoma kwa mara nyingine, nimechoka kuvua nguo mbele ya watu wasionisalimia.

"Vipi mwanangu, bado?"

"Hakuna, mama," nikasema. "Hakuna kitu."

Hakunikemea. Aliutwaa mwiko mkononi mwangu, yeye ambaye kwa desturi hagusi jiko la mke wa mwanawe, akausonga ugali wa muhogo niliokuwa napika, akiwa amenipa mgongo.

"Kaa tu," alisema. "Umechoka."

Aliendelea kuja, na maziwa yake, na habari za ng'ombe. Lile swali hakuliuliza tena. Mwanzoni nilishukuru sana. Siku moja nikajikuta nimesimama mlangoni, nimeshampokea mzigo, namsubiri aniulize. Akapita, akakaa, akauliza kama huku kwetu mvua imenyesha.