Sumaku za Mwalimu Loise

Katika miaka kumi na sita ya kutengeneza meno ya bandia hapa Voi, Morris Mwandawiro hakuwahi kusifiwa kanisani mpaka alipomtengenezea Mwalimu Loise meno ya chini. Na hakuna sifa iliyowahi kumchoma moyo kama hiyo.

Mwalimu alimfundisha darasa la tatu kule Mbololo. Sasa taya lake la chini lilikuwa limebakiwa na vishina viwili tu vya meno, na meno ya bandia ya kwanza yalikuwa yakiruka kila akiimba kwaya. Daktari akavifunika vile vishina kwa chuma, akamwachia Morris achague sumaku za kutia ndani ya meno mapya ili yang'ang'anie pale.

Zilikuwepo aina mbili. Moja ilikuwa imefungwa kabisa ndani ya chuma kisichoshika kutu, mate yasiifikie. Nyingine ilikuwa imepakwa ngozi nyembamba tu ya kung'aa, lakini nguvu zake, we! Morris alizivuta kwa mizani ya ndoano: ile iliyofungwa ikaachia mapema, hii ikagoma kama punda. Karatasi iliyokuja nayo ilionya isikae kwenye majimaji. Aliisoma, tena mara mbili. Akajiambia ataifunika kwa plastiki ya meno, basi. Ukweli ni kwamba alitaka Mwalimu amwone fundi.

Naye alimwona. Alisimama kutoa ushuhuda, akaimba ubeti mzima bila jino kutikisika, akamtaja Morris kwa majina yote mawili. Kanisa likapiga makofi.

Sumaku moja ya aina hiyo ilikuwa imebaki, na Morris akaitumbukiza katika kikombe cha maji ya chumvi, ajaribu tu, akaisahau nyuma ya rafu. Baada ya miezi minane akakikuta kile kikombe. Ngozi imebabuka, maji yamekuwa rangi ya kutu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa yeye peke yake.

Ungedhani alipiga simu siku hiyo hiyo. Thubutu! Jumapili ya kwanza alimkwepa Mwalimu mlangoni. Ya pili hakwenda kanisani, akasingizia homa. Ya tatu Mwalimu, akidhani bado anaumwa, akamtumia kikapu cha ndizi.

Kesho yake akapanda Mbololo, akakiri yote: mizani, karatasi, kikombe.

"Nitazitoa, Mwalimu. Nikuwekee zile zilizofungwa, na daktari aangalie hizo fizi."

Mwalimu aliyatoa meno, akayageuza kwenye mwanga wa dirisha. Plastiki ilikuwa na ufa mwembamba, na kando yake weusi.

"Kumbe ni hii," akasema, maneno yakitoka na upepo. "Nimekuwa nikionja chuma mdomoni. Nilidhani ni ule ugonjwa uliomchukua dada yangu, nikaogopa hata kwenda kupimwa. Hicho kikombe ulikiona lini?"

"Wiki tatu sasa."

Mwalimu akamkabidhi yale meno.

"Kuchagua vibaya ni kosa, na nimekusamehe. Lakini Ijumaa iliyopita niliwaita wanangu, nikawaonyesha pa kunizika. Siku hiyo, Morris, wewe ulikuwa unajua."