Mluzi wa Baba Yangu

Kwetu Singida bibi na mjukuu wake wa kike ni wake wenza. Mume wetu ni mmoja, babu yake, hata kama amelala kaburini miaka mingi. Basi mjukuu wangu nilimwita mke mwenzangu tangu akiwa na meno mawili, na yeye akaniita hivyo hivyo. Mtoto wa Toronto huyo. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa chote, anakujibu Kiingereza. Lakini hilo moja alilisema kwa Kiswahili, tena kwa kelele, ndani ya basi, watu wanageuka: "Mke mwenzangu, tushuke hapa!" Nilivimba kichwa. Sikuwa na kitu kingine cha kujivunia kule. Nimesoma mpaka darasa la nne, Kiingereza changu kilikuwa cha kununulia nyanya, magoti yananiuma. Nilikuwa na yeye.

Binti yangu alinileta nimlee mtoto, yeye na mumewe waende kazini. Tulikaa Mount Dennis, mtaa wa huko huko Toronto, ghorofa ya kumi na moja. Mwaka wa kwanza nilimaliza nikiangalia chini dirishani kama kuku kwenye kapu.

Shamba la kondoo nililijua kwa sababu ya Idd ya kuchinja. Mkwe wangu alikuwa akinunua kondoo kwa mzee mmoja wa Kizungu, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, kaskazini ya mji. Safari moja akanichukua na mimi nikapunge hewa. Nilipofungua mlango wa gari, ile harufu ya kondoo waliolowa ikanipiga usoni. Nililia mbele ya mkwe wangu, aibu tupu. Halafu nikafuta macho nikaingia zizini. Mkwe alikuwa ameshamchagua dume mmoja mnene. Nikamshika mgongo, nikamfungua mdomo, nikamwambia, "Baba, huyu ni manyoya na uzee. Mchukue yule pale." Mzee akasimama anatazama. Akamuuliza mkwe wangu, "Huyu mama ametoka wapi?" Mkwe akamjibu, "Alizaliwa zizini." Ni kweli, si utani.

Mzee alikuwa mjane, sikio moja halisikii, na kondoo mia na zaidi. Akaniomba nimsaidie msimu wa kuzaa. Binti yangu akaja juu. "Mama, nimekuleta Kanada uje kuchunga?"

"Ulinileta nije kufa kwa dirisha?"

Basi ikawa kila Jumamosi mkwe wangu ananipeleka, na majira ya kuzaa nalala huko huko wiki nzima, chumba cha nyuma karibu na jiko la kuni. Kazi ilikuwa kazi. Alfajiri kugawa majani makavu, kuvunja barafu kwenye ndoo za maji kwa kisigino cha buti. Kupita banda zima kutazama nani amejitenga, nani anakuna ardhi, nani amelala vibaya. Kumtoa mtoto aliyekaa kinyume, mkono wangu mwembamba ukiingia pale ambapo wa mzee hauingii. Kumkamua mama dang'a, yale maziwa ya kwanza, na kumnywesha kichanga kabla hajapoa. Mtoto aliyefiwa na mama tulimvalisha ngozi ya mtoto aliyekufa ili mama mfiwa amkubali. Mzee alidhani atanifundisha hilo. Nilimwonyesha baba yangu alivyokuwa akiifunga kwapani, ngozi haivuki.

Kitu kimoja sikukijua. Mbwa.

Kwetu mchungaji anatangulia na kondoo wanamfuata. Unapiga mluzi, wanainua vichwa, wanakuja. Kwa mzee hakuna anayetangulia. Alikuwa na mbwa wawili, weusi kwa weupe, wembamba, na hao ndio waliokuwa wachungaji. Mzee anasimama getini na filimbi ndogo ya bati mdomoni, mbwa wako mbali huko wadogo kama nzi, anapuliza, wanazunguka, kundi linajikusanya kama mtu anavyokunja kanga. Hawabweki. Hawaumi. Wanainama chini na kuwakazia kondoo macho. Mlio mmoja mrefu, mbwa analala pale pale alipo. Mlio wa kushuka kisha kupanda, anazunguka kushoto. Kila neno na mlio wake. Nilisimama nimeshika uma wa majani, mdomo wazi.

Lakini kuwagusa, hapana. Sisi mbwa hatumshiki. Akikulamba unaosha mara saba, mara moja iwe kwa udongo. Na kule ardhi inakuwa jiwe miezi mitano, utachota wapi udongo? Kila mwaka kabla ya theluji nilijaza udongo kwenye kopo la maziwa ya unga, nikaliweka mlangoni pamoja na birika. Mzee akauliza, "Mama anapanda nini humo?"

Mjukuu wangu akamjibu, "Anapanda mbwa."

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Maana mjukuu naye alikuwa amekwisha kuja. Alianza akiwa na miaka kumi, kunifuata tu, na siku ya kwanza alipoona mbwa wakifanya kazi, basi, shule ikawa ya kuhesabu siku hadi Jumamosi. Mbwa jike wa mzee alipozaa, mzee akampa mtoto mmoja, mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililoanguka. Nyumbani mbwa haingii, kwa hiyo alikaa shambani, lakini alikuwa wake. Alimfundisha mwenyewe, miaka miwili na kitu. Kwanza bata, kisha kondoo watano, kisha ishirini. Filimbi ilimtoa machozi, haikulia, akapuliza akiwa bafuni mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Ikalia. Na yule mbwa, nyie, yule mbwa alimtazama mtoto wangu kama mtu anavyosoma barua ya nyumbani. Mimi nakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, simgusi, lakini nasema kimoyomoyo, hawa ni wangu wote wawili.

Jumamosi ile alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwezi wa tatu, theluji inaanza kulegea, jua kali la mchana, upepo. Wiki hiyo hiyo alikuwa amefungwa vyuma vya meno. Midomo imemvimba, hacheki. Asubuhi nilimwambia, "Mke mwenzangu, mume wetu atakukimbia na hayo matrekta mdomoni." Akanijibu, "Atakuwa anakimbilia kwako, wewe yako yameanza kulegea." Ndivyo tulivyokuwa.

Kondoo tisa wenye mimba walitoka kwenye tundu la ua wakaingia juu ya bwawa lililoganda. Walisimama karibu na ukingo, pale barafu bado nene. Katikati ndipo palipokuwa pabaya, kuna chemchemi chini, barafu yake imeshakuwa nyeusi. Mjukuu alikuwa upande wa mlimani na mbwa wake. Alifanya vizuri. Alipuliza mlio mrefu, mbwa akalala ukingoni, asiingie. Mzee alikuwa anakwenda taratibu kuwafungulia geti ili watoke wenyewe. Kulikuwa hakuna haraka.

Mimi nilikuwa kwenye pembe ya banda nimebeba ndoo ya chakula. Hakuna aliyeniona, na upepo ulikuwa ukitoka kwa mjukuu kuja kwangu. Nikaona kondoo tisa wenye mimba juu ya maji, na nikawa mtoto wa baba yangu. Sikufikiri. Nikatia vidole viwili mdomoni nikapiga mluzi wa kuwaita kondoo mtoni.

Lazima niseme jambo hapa. Mwanamke kupiga mluzi kwetu ni aibu. Baba alinifundisha kwa sababu alipata mabinti watupu, na aliniambia nikiolewa niuache. Niliuacha. Mume wangu alikufa hajui. Binti yangu hajui. Miaka arobaini mluzi ule ulikaa mdomoni mwangu na hakuna aliyeusikia, na siku ulipotoka ulitoka mzuri kuliko wakati wowote.

Unashuka, halafu unapanda.

Kondoo hawakuinua hata kichwa. Kondoo wa kule hawajui mluzi, mluzi si wao. Mbwa ndiye aliyeinuka. Akazunguka kushoto, kwa kasi, kama alivyofundishwa, awapitie nyuma kondoo wote tisa, nje kabisa, katikati. Mjukuu wangu akapuliza mrefu, akapuliza tena. Mbwa alisikia, maana nilimwona akiinamisha kifua alale. Akalala pale pale, kwenye barafu nyeusi. Ikafunguka.

Mzee alileta ngazi akailaza juu ya barafu akatambaa tumbo, umri wake ule, na ndoano ya kukamatia kondoo. Alipomtoa alikuwa amekwisha. Mimi ndiye niliyempokea. Nilimbeba kwenye kitenge changu kifuani mpaka bandani, maji yake yakinishuka hadi kwenye buti, na lile sikio lililokuwa likisimama limeanguka. Kondoo walitoka kwa miguu yao, wakaenda kula.

Mtoto hakulia kwanza. Alikuwa anasema jambo moja, anarudia: "Nilipuliza mrefu. Nilipuliza mrefu." Mzee akamkalisha kwenye majani, akamshika bega. Mzee mwema. Akamwambia, "Sauti ilikukatika, binti. Ni hivyo vyuma, na upepo. Nilisikia kitu kikishuka na kupanda. Imenitokea na mimi."

Mtoto akagusa meno yake. "Ni mimi," akasema.

Kiingereza hicho nilikielewa, kila neno. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, kitenge kinachuruzika. Nikafungua mdomo nikasema, "Kazi ya Mungu, mama." Nikaenda mlangoni, nikachukua birika na kopo. Nilibadili nguo, nikaosha mikono mara saba, ya kwanza kwa udongo. Nikasali adhuhuri. Najisi ya mbwa ilitoka.

Filimbi yake mjukuu aliitupa kwenye theluji. Niliiokota nikaizika ndani ya kopo.

Hakurudi tena shambani. Yale meno yalinyooka, yakawa meno ya kupigia picha, na hakuna picha hata moja ya miaka ile ambayo amefungua mdomo. Watu wakimkaribia na mbwa njiani, alivuka barabara. Mara ngapi nilianza? Nikimsuka nywele, nikimpa uji. Ninasema, "Mke mwenzangu, ile siku ya bwawa," naye anasema, "Acha, mke mwenzangu, mimi ndiye niliyekosea, nimeshakubali." Na mimi naacha. Alikuwa kitu changu cha pekee, nimeshasema. Niliogopa kumpoteza, nikamwachia mzigo wangu aubebe mtoto wa miaka kumi na mitatu. Mzee aliuza kondoo, akauza na ardhi, akaenda kukaa kwa dada yake. Kopo nililileta Mount Dennis, nikaliweka barazani nyuma ya ndoo.

Miaka mitano. Akapata chuo, mji mwingine. Mtoto wa ukoo wetu, chuo kikuu! Nilipika pilau la jirani mpaka jirani. Asubuhi ya kuondoka alikuwa ananisafishia baraza, maana alijua magoti yangu. Akachukua kopo. "Mke mwenzangu, huyu mbwa wako bado hajaota?" Akalimimina kwenye mfuko wa taka, na filimbi ikaanguka, imeshika kutu.

Akaiokota. "Kwa nini unayo?"

Nikasema. Nilisimama mlangoni nikasema chote, baba, vidole viwili, pembe ya banda. Alisikiliza ameinama. Nilipomaliza hakunitukana. Aliniambia, "Upige nisikie."

Siku hizo nilikuwa na meno ya bandia. Nikayatoa, nikayaweka kwenye kanga, nikatia vidole. Ikatoka pumzi na mate. Nikajaribu tena. Pumzi. Bibi kizee na vidole mdomoni, kwenye ghorofa ya kumi na moja, anapuliza upepo.

Akaifuta filimbi kwenye suruali yake. Akaitia mdomoni. "Ilikuwa hivi?"

"Anza juu zaidi."

"Hivi?"

"Shuka. Sasa panda. Hapo mwishoni usivute."

Akapiga tena, na ilikuwa baba yangu. Ilikuwa yeye kabisa, anaita kondoo mtoni. Mjukuu wangu akaishusha filimbi. Akakaa chini kwenye saruji ya baraza, palipomwagika udongo.

"Nilidhani ni meno yangu," alisema. Kwa Kiswahili, sentensi nzima. Miaka yote niliomba anijibu Kiswahili.

Baba yake alipiga honi chini. Akainuka, akajikung'uta, akabeba maboksi yake moja moja, hakuniacha nibebe hata mto. Filimbi aliichukua. Hajanieleza ameifanya nini.

Kwa wiki sita hakupiga simu. Sasa anapiga kila Ijumaa. "Shikamoo, Bibi," ananiambia. Namwambia, "Marahaba, mke mwenzangu, umekula?" Anasema, "Nimekula, Bibi." Anauliza magoti, anauliza dawa, ana adabu, hakuna bibi anayepata adabu kama mimi. Mimi nakaa dirishani na simu sikioni, namtania, namwambia mume wetu kanihonga mimi kanga mpya na yeye hakupata kitu. Natega sikio nisikie lile jina letu.

"Sawa, Bibi," anasema.