Meza Niliyojirithisha

Marehemu mume wangu alipenda tenisi ya meza kuliko chai. Basi tulipomaliza msiba wake hapa Kijenge, nikakuta meza ya tenisi imebaki uani, sikuuliza mtu. Nilijua wenzake wa kazini wameniletea pamoja na vitu vyake vingine.

Niliipiga msasa hadi madoa ya pilau yakatoka, nikaipaka rangi ya kijani na mistari myeupe. Pembeni nikaandika jina la marehemu kwa herufi kubwa. Nililia kidogo, kisha nikajisifu.

Jumapili nikaalika majirani waje kuichezea. Mzee Lazaro wa nyumba ya pili aliitikia shikamoo yangu, akaizunguka meza mara mbili.

"Mama Neema, umeipendezesha kweli."

"Asante, mzee. Ndiyo urithi wangu huu."

"Mwanangu, hii niliileta mimi, mpakulie chakula cha msiba. Nikaona aibu kumdai mfiwa."

Nikacheka mbele ya watu wote. "Mzee, leo umeamua kunitania!"

"Basi iinueni."

Wakaiinua. Nilikuwa nimepaka juu, pembeni na miguu yote minne. Chini sikupaka, na huko ndiko Mzee Lazaro alikoandika jina lake.