Machimbo ya Lorraine

Juzi nilipita Dilala, mtaa wa utoto wangu, nikasimama nje ya shule yetu ya zamani. Mlinzi akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu. Hakuniamini, na wewe rafiki yangu usingeniamini vilevile.

Miaka ile ya Zaïre, vita ya waasi waliovuka mpaka ilipokwisha kuingia mji wetu wa machimbo, sote tulitazamana hivyo. Nyanya alisonga bukari kwa kunong'ona, kana kwamba unga nao unasikiliza. Jirani yetu, mkuu wa seli ya chama, alikuja kuomba chumvi huku macho yake yakizunguka nyumba nzima.

Mwalimu peke yake alizungumza kwa sauti. Darasa zima tulikuwa na kitabu kimoja, na humo alitufundisha Lorraine, mkoa wa kale wa Ufaransa: mto Moselle, milima ya Vosges, chuma chini ya ardhi. Ilikuwa na watawala wake, ikaingia mikononi mwa mfalme wa Ufaransa, baadaye Wajerumani wakashinda vita wakakata kipande. Tukauliza kama ni kwa sababu ya chuma. Akatabasamu tu.

Nilitaka kuichora vizuri. Nikachana ukurasa wa ramani kwa siri, nikauficha chini ya godoro, nikawa nauchungulia na kunakili: machimbo, reli, mpaka. Sikuwa nimeandika jina hata moja jirani alipokuja tena kuomba chumvi, akainamia daftari langu.

"Mugodi ya wapi hii?"

"Ya Lorraine, tata."

"Lorraine iko wapi? Ku Kasaji, kule ku mupaka?"

"Ku Ulaya. Mwalimu ndiye alitufundisha."

"Na huu mupaka, batu banapitaka wapi?"

Akaondoka na daftari, pamoja na chumvi yetu.

Kesho yake alikuja darasani na askari wawili.

"Sitoyen mwalimu," akasema, kwa neno la raia lililoamriwa enzi zile, "tuonyeshe ile Lorraine yako."

Mwalimu akafungua kitabu bila wasiwasi. Akapekua. Akarudi nyuma, akapekua tena, mpaka kidole chake kikakuta ukingo uliochanika. Akatutazama mmoja mmoja. Mimi nikaitazama kalamu yangu. Wakamchukua.

Jioni nyanya aliutoa ukurasa ule chini ya godoro, akawashia makaa ya jikoni.

Mwalimu alirudi baada ya majuma mawili, amekonda. Ramani hakutufundisha tena. Ukimuuliza mji fulani uko wapi, alijibu, "Uko mbali," akaendelea na hesabu. Niliacha shule mwaka ule, na tangu hapo nimezunguka kwa lori na kwa treni, nikiuliza kila mto jina lake.

Siku zangu za mwisho shuleni, mwalimu alifundisha madirisha yakiwa yamefungwa. Joto lilituunguza, na hakuna aliyeomba yafunguliwe. Mimi ndiye niliyekaa karibu nayo, wala sikunyosha mkono.