Akili Haivai Aproni

Hata alipokuwa kikongwe, meno yamebaki matatu, Hilleke Berents akisikia watu wanalalamikia baridi alikuwa anatabasamu peke yake. Majirani zake wa Deventer walidhani ni uzee. Kumbe moyo ulikuwa umesharudi jikoni kwa Bibi Sibilla Hagedoorn, mwaka ule mto Ijssel ulipoganda mpaka mikokoteni ikapita juu yake, na wino ukawa jiwe ndani ya kidau.

Wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa mfuga ng'ombe wa ng'ambo ya mto, ameajiriwa kusugua sakafu na kupika. Bibi Sibilla alikuwa amepita arobaini na hakuwahi kuolewa. Kilatini alikipata kwa bahati: mwalimu aliletwa amfundishe kaka yake, Everwijn, lakini Everwijn alikuwa anasinzia, na baba yao hakupenda kuona mwalimu anaongea na ukuta. Basi binti akaketishwa. Tangu hapo hakuacha kusoma. Mjini walimcheka sana. Bibi gani huyu, walisema, anaandikiana barua na maprofesa huku soksi zimetoboka visigino!

Siku wino ulipoganda, Bibi alishuka na makaratasi yake mpaka jikoni, kwenye moto wa mboji, ule udongo mkavu wa kinamasi uwakao kama kuni.

"Sogeza vitunguu vyako, Hilleke."

"Bibi, hapa kuna samaki pia."

"Samaki nao wasogee."

Barafu ikayeyuka, korongo wakarudi kwenye mapaa, na Bibi hakurudi juu. Alikuwa mtu wa kufikiri kwa sauti. Anaandika mstari, anausoma, anaukemea, anaufuta. Hilleke alikuwa anakatakata kabichi na kusikiliza kama mtu asikilizavyo mvua. Halafu, bila kujua ni siku gani hasa, akajikuta anaingojea ile mvua.

Kitabu alichokuwa anaandika Bibi kilikuwa kuhusu wanawake na elimu. Asubuhi moja akasoma kwa furaha: "Akili haina mwili. Kisicho na mwili hakiwezi kuwa cha kiume wala cha kike. Kwa hiyo mwanamke aliyejaliwa nafasi, asiyebanwa na kazi za nyumba, ana haki ya kusoma elimu zote."

Hilleke akaacha kisu juu ya kabichi. "Bibi, samahani. Umesema akili haina mwili?"

"Nimesema."

"Basi akili yangu inaivalia wapi aproni?"

"Nini?"

"Umesema asome yule asiyebanwa na kazi. Mimi nimebanwa, tena mpaka kooni. Lakini aliyebanwa si ni huu mwili? Akili yangu haijafunga aproni."

Bibi Sibilla akakusanya karatasi zake akapanda juu, na kwa siku tatu hakushuka. Hilleke alijua amefukuzwa. Akaanza kukunja nguo zake mbili. Siku ya nne Bibi akaingia, macho mekundu, akaweka ukurasa mezani. Ile sentensi ilikuwa imekatwa kwa mstari mnene.

"Umeniharibia sura nzima, mjeuri wewe," alisema. "Haya, mwaga unga hapo mezani. Hii ni A."

Miaka yote baadaye, Hilleke alipotaka kukumbuka furaha, alikuwa anakumbuka ule unga. Herufi zilichorwa kwa kidole, zikasomwa, kisha zikakandwa zikawa mkate. Mwaka haukuisha, akawa anasoma mwenyewe. Na kusoma kulimwongezea ubishi.

Siku moja Bibi alimsomea barua ya profesa mmoja, rafiki yake, aliyeshikilia kwamba mnyama ni mtambo tu, kama saa ya mnarani, na akilia ni kama bawaba inavyolia.

"Huyo bwana," Hilleke akauliza, "amewahi kumkamua ng'ombe aliyenyang'anywa ndama?"

"Sidhani kama amewahi kukamua chochote."

"Ndiyo maana."

Akaeleza aliyoyaona kwao. Bibi akayaandika neno kwa neno, na chini yake, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujivika hoja za wenzake, akaandika ni za nani, na nakala akampelekea profesa. Miezi miwili baadaye profesa akaja mwenyewe, na Everwijn, ambaye sasa alikuwa mjumbe wa baraza la mji, akaja na kola yake nyeupe kumpokea.

Hilleke aliitwa sebuleni akiwa ananuka samaki wa chumvi. Profesa alikuwa mzee mnene, mwenye macho ya kitoto. Akamtupia swali kwa Kilatini.

"Kilatini sikijui, bwana," Hilleke akasema. "Lakini kama swali ni zuri, hata kwa lugha ya jikoni litasemeka."

Everwijn akakohoa. Profesa akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Haya. Mlango wangu unalia. Ng'ombe wako analia. Umejuaje kwamba huyu anaumia na ule hauumii?"

"Mlango nikiutia mafuta unanyamaza, umemaliza habari. Yule ng'ombe tulimpa majani mabichi, tukampa chumvi, akaviacha vyote. Siku ya nne akanifuata mimi, akawa ananusa mikono yangu, hii hapa, kwa sababu ndama nilimbeba mimi. Sasa bwana, saa ya mnarani ikiibiwa kengele, itamtafuta mwizi?"

Profesa akainama kuitazama ile mikono.

"Hoja hiyo haimo vitabuni," profesa akasema polepole.

"Vitabu havikamui," Bibi akajibu. "Hilleke, vuta kiti."

"Sibilla!" Everwijn akaruka. "Mtumishi aketi na wageni?"

"Amejibu swali ambalo wewe ungelilalia. Vuta kiti, mwanangu."

Ndipo Hilleke akakaa kwenye kiti alichokifuta vumbi kwa miaka minne bila kukikalia hata mara moja. Hakujua aiweke wapi ile mikono yenye harufu. Profesa aliondoka hajakubali, lakini tangu siku hiyo kila barua yake ilimalizikia kwa salamu kwa mpinzani wake wa jikoni.

Siku hizo hazikudumu. Mwaka wa 1672 askari wa askofu wa Münster waliuteka mji, na sita wakapangiwa nyumba ile. Walichoma viti kupata moto. Macho ya Bibi yakaingia ukungu, na Hilleke akawa ndiye macho: anasoma, anaandika, anabishana katikati ya sentensi. Askari walipoondoka, Bibi hakumaliza mwaka. Maneno yake ya mwisho yenye maana yalikuwa kwamba sura ya saba bado ni dhaifu.

Everwijn akaja na kasha kuchukua karatasi.

"Bwana, ukurasa wa ng'ombe ni wangu," Hilleke akasema.

"Ng'ombe gani?" akauliza Everwijn. Hakuwa amesoma hata mstari mmoja wa dada yake.

Kitabu hakikuchapwa. Hilleke alisikia baadaye kwamba kasha lilivujiwa na mvua darini. Alilia siku hiyo kuliko siku ya mazishi.

Akaolewa na Lubbert, mgane mpole aliyekuwa anatandaza vitambaa juani ili viwe vyeupe, na chumba cha mbele cha nyumba yao akakifanya shule ya wasichana wadogo: kufuma, kusali, kusoma. Jumapili baada ya kanisa waliruhusiwa watumishi. Walikuja wawili, wakawa tisa.

Kati yao alikuwapo Jutte, mfua nguo, mabega kama ya baharia. Hilleke alikuwa anawaeleza alivyofundishwa na Bibi, kwamba akili haiachi kufikiri hata mtu akilala.

"Ya kwangu inaacha," Jutte akasema.

"Umesahau tu ulichofikiri."

"Mwalimu, wewe umejuaje kama nimesahau, na mimi mwenyewe sina habari? Huyo Bibi wako alikuwa anaingia usingizini mwa watu?"

Darasa zima likacheka. Mwili wa Hilleke ukageuka wenyewe kuelekea mlangoni, kama mtu anayetaka kukimbia kumwita Bibi aje asikie hili. Akatoka uani, akasimama kati ya vitambaa vya mumewe, akafuta macho kwa kimojawapo.

Kisha akarudi ndani. "Rudia ulivyosema, Jutte. Polepole. Hapo kwenye kusahau sijakubali."

Walibishana mpaka supu ya njegere ikaungua, na Lubbert akala mkate mkavu bila kunung'unika.