Jirani Yangu wa Chafya Tatu

Kwa miezi mitatu, mtu wangu wa karibu zaidi hapa Nairobi alikuwa mwanamke ambaye sikuwahi kumwona sura.

Nilimjua kwa chafya.

Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi na dakika zake chache, tatu mfululizo. Hakosi. Jumapili yupo, sikukuu yupo.

Msinicheke kwanza. Haya mambo yalinikuta mimi mwenyewe, na mwishowe nilifanya kitu ambacho mpaka leo naona aibu kukiandika.

Naitwa Kyule. Ni fundi wa AC, nakaa mtaa wa Tassia, ghorofa ya nne, chumba kimoja na jikoni. Mke wangu Koki alirudi kwao, mji wa Wote, mwaka juzi na binti yetu. Hatukupigana wala hatukutukanana. Tulichokana tu, na kila mmoja akaona haya kuwa wa kwanza kusema.

Tangu hapo nyumba ikabaki na mlio wa friji na mimi.

Kuna wikendi nilikuwa natoka kwenda dukani kununua kiberiti wakati ninacho kingine ndani, ili tu mwenye duka aniulize, "Fundi, uko poa?"

Nilikuwa mpweke, basi. Sina neno zuri zaidi la kuupamba upweke huo.

Sasa nieleze jengo letu, maana bila hilo hamtanielewa. Limejengwa mgongo kwa mgongo na jengo lingine la landlodi huyo huyo, mwenye nyumba wetu. Mageti mawili, ngazi mbili, watu hawakutani. Katikati kuna shimo la hewa linalopanda kutoka chini hadi juu, na madirisha yote ya jikoni yanafungukia humo. Ukikaanga omena, familia nane zinajua umekaanga omena.

Mwisho wa mwezi wa nne, mvua ikiwa inapungua, nilikuwa dirishani nikifanya kazi yangu ya asubuhi. Nikasikia chafya tatu kutoka upande wa pili.

Mimi niliishi Mombasa miaka minne nikijifunza ufundi. Huko mtu akipiga chafya unamwombea afya hata kama humjui. Mdomo ukanitoka wenyewe.

"Afya!"

Ikaja sauti ya mama mtu mzima, yenye kicheko ndani yake.

"Asante, mwanangu. Kumbe huko kuna watu?"

"Tupo, mama. Umeamkaje?"

"Nimeamka na hii pua. Wewe je?"

Yaani hiyo "wewe je" ilinikaa kifuani siku nzima. Nilikuwa na muda sijaulizwa.

Kesho yake akapiga tena, nikamjibu tena. Ikawa ndiyo ada yetu. Chafya, afya, asante, halafu maneno mawili matatu kabla sijaenda kazini.

Nikajua anaitwa Khavere, kwao ni Mbale. Alishona yunifomu kiwandani Industrial Area miaka ishirini na tisa. Mzee wake alishatangulia. Mwanawe Frankline ni dereva wa lori, ndiye aliyempangia hiyo nyumba, na huja kumwona kila mwisho wa mwezi. Magoti yake hayataki ngazi, kwa hiyo hashuki ovyo.

"Nashinda hapa na redio," aliniambia. "Redio nayo haiulizi mtu chochote."

Nilicheka peke yangu mpaka jioni.

Sasa kazi yangu. Mvua ndefu zikiisha, nyasi zinachanua kila mahali. Mbele ya jengo lile la pili kuna kiwanja kitupu, na mwezi wa tano nyasi zake hufika kifuani, zinatoa vumbi la manjano. Shuleni tuliliita chavua. Linaingia dirishani, linakaa kwenye mapazia, kwenye vitambaa vya makochi, kwenye nguo zilizoanikwa juu ya paa.

Na linaingia kwenye AC za maofisi. Filta ikijaa chavua, hewa haipiti, mashine inakula stima bure na baridi haitoki. Wafanyakazi wanawashwa macho, bosi anapiga simu kwa hasira. Msimu huo sisi mafundi hatupumui.

Ofisi zinataka filta mpya. Zile za zamani mimi sizitupi. Nazibeba nyumbani, nasafisha, nawauzia vinyozi na vikanisa vya Kariobangi wenye mashine kuukuu.

Filta inafaa kuoshwa. Lakini ni nani wa kuosha filta kumi Tassia, mahali maji yanakuja mara mbili kwa wiki? Kwa hiyo nilikuwa nazigonga kavu. Kila asubuhi naamka, navaa maski, naweka feni nyuma yangu ielekee nje, nazigonga dirishani pap pap pap, vumbi lote linaenda zake kwenye lile shimo.

Naona wengine mmeshaelewa. Mimi sikuelewa.

Naapa sikuelewa. Kazini swali la kwanza ninalouliza ni hewa chafu inatokea wapi. Nyumbani kwangu sikujiuliza hata siku moja. Nilidhani shimo liko wazi juu, vumbi linapanda mbinguni, kwisha.

Mwezi wa sita baridi ikaingia, na Mama Khavere akaanza kukohoa. Asubuhi nyingine alikuwa akiongea anavuta pumzi katikati ya neno.

"Nilienda kliniki," akasema. "Wameniambia ni vumbi la maua, na kifua changu hakilitaki. Kijana, si wewe ni fundi wa hewa? Nifanye nini?"

Jamani, nilivimba kichwa! Kuna mtu ananihitaji.

"Mama, funga dirisha la mbele, hilo la kiwanjani. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi, usifagie kavu. Nguo usianike juu asubuhi. Na ukitaka hewa, fungua hili la jikoni tu. Huku ndiko kusafi."

Huku ndiko kusafi. Mimi, fundi, ndiye niliyesema hivyo.

"Sawa, mwanangu. Nitafungua hili tu," akanijibu.

Nikaendelea kugonga filta zangu.

Ilipofika mwezi wa saba, Jumapili moja, aliniambia neno ambalo sikulitarajia.

"Frankline anakuja Jumamosi kunichukua. Kifua kimekataa Nairobi. Narudi Mbale."

"Kabisa?"

"Kabisa. Ameshaongea na landlodi."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni, chai ikapoa. Nilijiona mjinga kulia kwa ajili ya mtu nisiyemjua uso, lakini nililia.

Kisha nikasema, hapana. Hii ni kazi ya hewa na mimi ni mtu wa hewa. Nikitafuta kinachomsumbua nikakiondoa, mama atabaki.

Siku hiyo hiyo nikapanda paa. Nilikuta juu ya lile shimo kumefunikwa bati, limekandamizwa kwa mawe. Opicho, keateka wetu anayetunza jengo, alikuwa hapo akikagua tangi.

"Opicho, nani ameweka hii bati?"

"Si ni mimi! Tangu mwezi wa nne. Wasee wa chini walikuwa wanalia maji ya mvua inawaingilia kwa kitchen. Kwani iko na shida gani, fundi?"

Nilipiga magoti, nikasogeza bati kidogo, nikachungulia.

Ukuta mzima wa shimo, kuanzia chini ya bati, kupita dirisha langu, hadi dirisha la Mama Khavere ghorofa ya tatu upande wa pili, ulikuwa na utando wa manjano. Nilinyoosha mkono nikapitisha kidole kwenye ukuta. Kidole kikatoka cha manjano.

Miezi mitatu nilikuwa namgongea mama wa watu chavua ya maofisi ya Upper Hill, moja kwa moja jikoni kwake, na feni juu yake.

Mtu mwenye akili angeshuka pale pale akaenda kumwomba msamaha. Mimi nilimwambia Opicho aondoe bati, nikarudi ndani, nikafunga filta zote kwenye gunia. Nilijiambia nitaacha kimya kimya, atapona, atabaki, hatajua.

Jumatatu hakupiga chafya.

Jumanne, hakuna. Jumatano, hakuna.

Nilisimama dirishani asubuhi zote tatu na kikombe mkononi. Nilisikia sufuria yake, nikasikia redio yake. Alikuwa pale, hatua chache kutoka nilipo, anapumua vizuri. Na mimi sikuwa na la kumwambia. Neno letu lilikuwa moja tu, afya, na halikuwa na mahali pa kuanzia.

Upweke huo ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Ule wa kwanza sikujua ninachokosa.

Alhamisi ndipo nilipofanya lile jambo.

Nilifungua gunia. Nikatoa filta moja. Nikaisogeza dirishani, nikaigonga. Mara moja tu, polepole.

Nilijua ninachofanya. Siwezi kujitetea.

Sekunde chache, chafya. Ya pili. Ya tatu.

"Afya, mama!" Nilipiga kelele kwa furaha kama mtoto.

Badala ya asante ilitoka chafya ya nne, kisha kikohozi, kisha sauti ya mtu anayevuta hewa na hewa haiji. Kitu kikaanguka kikavunjika.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka niko nje na soksi, nazunguka jengo, nampita mlinzi wa geti la pili bila salamu, napanda ngazi tatu tatu. Nikapiga mlango mpaka majirani wakachungulia. Ukafunguka.

Mama mfupi, mnene kidogo, leso kichwani, ameshika ile dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo. Aliivuta, akaivuta tena, akaegemea ukuta. Nilisimama nikimwangalia tu. Ilichukua muda mrefu kabla pumzi yake haijatulia.

"Wewe ndiye Kyule," akasema hatimaye. "Nilidhani u mrefu."

Nikapiga magoti pale mlangoni.

"Mama, ni mimi ninayekuumiza. Zile filta zangu. Sikujua, nimejua Jumapili. Lakini ya leo nilijua. Leo nimefanya makusudi."

"Makusudi?"

"Nilitaka nikusikie."

Alikaa kwenye kochi polepole. Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze.

"Ungenizika, kijana," akasema.

"Najua, mama. Nisamehe."

"Na mimi ningekuwa nimekusaidia kuchimba." Akaashiria dirisha lake la jikoni. "Wewe unafikiri sina macho? Dirisha lako liko juu ya langu. Tangu mwezi wa tano naiona hiyo mikono yako ikigonga hivyo vitu."

Sikuelewa. "Sasa mbona hukuniambia niache? Mbona hukufunga dirisha?"

Alitazama chini, akanyoosha kitambaa cha kochi ambacho tayari kilikuwa kimenyooka.

"Ungeacha," akasema. "Halafu? Mimi mama mzima nianze kukuita dirishani hivi hivi, bila sababu? Watu wangesemaje? Siku tatu hizi nimekaa hapo nangoja. Nikadhani umehama."

Kisha akaniambia nivue hizo soksi zilizolowa, akaweka chai.

Ilikuwa chai yetu ya kwanza, na tuliinywa zikiwa zimebaki siku mbili aondoke.

Jumamosi Frankline alikuja na lori. Nilimbebea mama cherehani yake mpaka chini. Nilitaka kumwambia Frankline ukweli, lakini mama alinifinya mkono akatikisa kichwa. Nilimwomba mama abadilishe mawazo abaki sasa kwa kuwa chanzo tumekijua. Akasema mtoto ameshapanga, na kifua chake kimechoka kujaribiwa.

Alikuwa na haki.

Nilimpigia simu baada ya wiki mbili.

"Kimefunguka kabisa, mwanangu! Nalala usiku kucha. Ngoja kidogo, wajukuu wanani... nitakupigia."

Hakupiga, na simlaumu. Nyumba yake imejaa watu. Nilifurahi kwa ajili yake, kweli kabisa, kisha nikakaa na simu mkononi mpaka taa yake ikazima.

Filta siku hizi naziosha, hata kama ni kwa maji ya kununua. Lakini hilo ni la mafundi. La kila mtu ni hili.

Kutoka mlango wangu hadi wa Mama Khavere ni dakika nne, nimepima. Miezi mitatu tulishindwa kutembea dakika nne kwa sababu kila mmoja alikuwa anangoja sababu. Tukaona afadhali mmoja augue ndiyo tupate la kusema. Wewe unayesoma hii ukiwa peke yako, kama kuna mtu unamsikia kila siku na hujawahi kumwona, nenda ubishe hodi leo akiwa mzima. Useme tu unaitwa nani.

Mimi nimeanza na wa mlango wa kushoto. Anaitwa Nuh, anauza viatu Kariobangi. Tumeishi ukuta mmoja miaka miwili na siku zote nilimwita tu jirani.